Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mtu anayejitayarisha kwa safari huwa na maswali mengi. Huuliza kama njia ni nzuri, kama gari ni zima, kama dereva ni mwangalifu, na kama fedha alizo nazo zitamfikisha aendako. Maswali hayo ni ya akili, na asiyeyauliza aghalabu hujuta. Lakini yote yanafanana kwa jambo moja: yote yanamhusu msafiri mwenyewe. Msafiri huuliza, "Je, nitafika salama?" Ni nadra kuuliza, "Je, wale nitakaowafikia watabaki salama baada ya mimi kufika?"

Wahenga wetu waliliweka swali hili la pili mbele. Walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mgeni na aje ili yeye ashibe, ingawa kwa kawaida hushiba. Kipimo cha ujio mwema walikiweka katika afya na furaha ya yule anayepokea. Siku za kawaida methali hii husemwa kwa tabasamu, kwa sababu mgeni anapofika kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba hupata nyama pamoja naye. Siku za maradhi ya kuambukiza methali hiyo hiyo huwa mzani mzito. Katika kurasa hizi nataka tuutumie mzani huo kupima jambo moja: kijana anapotaka kusafiri ndani ya nchi yake, kwenda kwao, wakati maradhi yameenea, hatari ya safari hiyo ni ya nani, na nani ana haki ya kuikubali?

Swali hili halikuzuliwa darasani. Lilitupata Wakenya mwaka 2020. Tarehe 13 Machi mwaka huo Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana katika Kenya. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe, na katika juma lile wanafunzi wa bweni walitawanyika kwenda makwao kila pembe ya nchi. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Matatu za abiria 14 ziliamriwa zichukue abiria 8 tu. Tarehe 6 Aprili, saa moja jioni, njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake zilifungwa, na siku mbili baadaye zikafungwa njia za Mombasa, Kilifi na Kwale. Nairobi na Mombasa hazikufunguliwa mpaka alfajiri ya tarehe 7 Julai.

Sasa tuutazame mtaa mmoja wa Nairobi katika miezi ile. Mtaa wa Pipeline uko Embakasi, upande wa mashariki wa jiji. Majumba yake ya ghorofa yamesongamana hata jua la saa sita hulazimika kutafuta upenyo wa kufika chini. Katika majumba mengi mpangaji hukodi chumba kimoja tu. Ndani ya chumba hicho hupika, hula, huoga watoto na kulala. Choo na bomba hushirikiana na wenziwe wa ukumbi mmoja, na maji yasipotoka hununua kwa mtungi. Wengi wa wapangaji ni vijana waliotoka Ukambani, Kisii, Nyanza, Magharibi na kwingineko kutafuta kazi. Asubuhi na mapema huonekana wakienda kwa makundi, wengine kwa miguu, kuelekea Eneo la Viwanda kutafuta vibarua. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi nzima, na mtu akisimama Pipeline jioni, kazi zinapotoka, huona kama wote wamekuja kupita katika njia moja.

Kijana wa Pipeline akisema "nyumbani," mara nyingi hamaanishi chumba kile. Chumba ni mahali anapolala akitafuta riziki, na kila mwezi hukumbushwa na mwenye nyumba kwamba si chake. Nyumbani ni mashambani, penye wazazi, penye makaburi ya mababu, penye nyanya aliyemlea. Kwa hiyo, biashara zilipofungwa na vibarua vikakoma, moyo wake ulimwelekeza huko kama maji yanavyoelekea bondeni.

Ni lazima tuwe waadilifu kwa kijana huyu kabla ya kumhukumu. Watu wengi walimlaumu wakiwa wamekaa katika nyumba zenye vyumba vitano na ghala la chakula. Walimwambia abaki ndani. Ndani ya wapi? Katika chumba cha watu wanne hapana nafasi ya kumkimbia mwenzako anayekohoa. Walimwambia anawe mikono kila mara. Kwa maji ya mtungi wa kununua? Walimwambia asubiri. Ale nini akisubiri? Huko kwao kulikuwa na mihogo shambani, na hapakuwa na kodi ya nyumba. Kubaki kulikuwa hatari, na kuondoka kulikuwa hatari. Mtu aliye kati ya hatari mbili hastahili kuitwa mjinga kwa sababu amechagua moja.

Hata hivyo, kuchagua kuna namna yake. Mtu aweza kuchagua kwa hesabu sahihi au kwa hesabu yenye kasoro, na hesabu za vijana wengi wakati ule zilikuwa na kasoro tatu. Nazitaja kwa kuwa hazikuzikwa na mwaka 2020. Zinakaa ndani ya kila kijana, na huamka kila maradhi mapya yanapobisha hodi.

Kasoro ya kwanza ilikuwa katika hesabu ya umri. Kijana alisikia, na alisikia kweli, kwamba korona iliwaua zaidi wazee na watu wenye magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu. Alisikia pia kwamba vijana wengi huipata wakapona, na wengine huipata wasijue. Kutokana na habari hizo akaamua kwamba safari yake haikuwa na hatari kubwa. Tazama jinsi habari ya kweli ilivyozaa uamuzi mbaya! Mgonjwa aliyelala kitandani hasafiri. Anayesafiri ni yule ajionaye mzima, na dalili za korona zaweza kuchelewa hata siku 14, na mtu aweza kuwaambukiza wenziwe kabla yeye mwenyewe hajakohoa mara moja. Basi habari ile ile iliyompa kijana amani ndiyo iliyopaswa kumfanya asite, kwa maana ilikuwa ikimwambia: wewe ndiwe mchukuzi ambaye maradhi yangependa kumpata.

Kasoro ya pili ilikuwa katika hesabu ya undugu. Ndani ya matatu kijana alivaa barakoa yake vizuri, akaketi karibu na dirisha, na abiria mwingine alipopiga chafya alimtupia jicho kali. Lakini alipofika kwao aliivua barakoa langoni, akaitia mfukoni, akaingia kuwakumbatia watu wake. Aliwaogopa asiowajua, akawaamini awapendao. Ni tabia ya binadamu wote kudhani kwamba hatari huja kwa mkono wa mgeni. Lakini maradhi hayaulizi ukoo. Mgeni wa garini huketi nawe saa chache na dirisha li wazi. Nyanya huketi nawe jikoni usiku kucha, katika moshi na joto, na mikono yenu huingia katika sinia moja. Wahenga waliosema kwamba kikulacho ki nguoni mwako walilijua jambo hili, ingawa hawakupata kuviona virusi.

Kasoro ya tatu ilikuwa ya kuigeuza hatari kuwa askari. Njia zilipofungwa, watu wengi waliacha kuuliza, "Nitachukua maradhi?" Wakaanza kuuliza, "Nitapitaje kizuizini?" Wengine walipita njia za panya kwa pikipiki, wengine walijificha katika malori ya mizigo. Mwishoni mwa Aprili 2020 Wizara ya Afya ilieleza habari ya watu waliosafiri kutoka Nairobi hadi Homa Bay wakijifanya wafiwa, na ndani ya gari walikuwa na jeneza tupu. Walivipita vizuizi kwa sababu askari waliheshimu msiba. Walipokamatwa na kupimwa, dereva alipatikana ana virusi vya korona. Watu hawa waliishinda hatari waliyoiona, nayo ni askari. Hatari ya kweli walikuwa wameketi nayo katika gari.

Kasoro hizi tatu zina mzizi mmoja. Katika zote kijana alihesabu yatakayompata yeye tu: mwili wake, wasiwasi wake, kukamatwa kwake. Wala si ajabu, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kuhesabu hatari tangu utotoni. Mama humwambia mtoto asiguse moto kwa sababu yeye ataungua. Hamwambii kwamba moto atakaouchezea huenda ukateketeza nyumba ya jirani. Tunakua tukijua kujihadhari kwa ajili yetu, na wengi wetu hatukui zaidi ya hapo.

Vijana hupenda ujasiri, na ni haki wapende, kwa maana taifa la waoga halijengeki. Lakini tuutazame ujasiri kwa makini. Kijana anayeruka mto uliofurika ili aonyeshe nguvu zake amehatarisha roho yake. Twaweza kumwita mpumbavu, lakini roho aliyoiweka rehani ni yake. Anayeruka mto huo akiwa amembeba mtoto wa mtu mgongoni hawezi kuitwa jasiri hata kidogo, hata kama atavuka salama. Ametumia mali isiyo yake katika mchezo wake. Tajiri akicheza kamari kwa fedha zake ni mfujaji. Mweka hazina akicheza kwa fedha za chama ni mwizi, hata akishinda. Vivyo hivyo, kijana asemaye, "Mimi siogopi korona," anasema habari ya moyo wake tu. Hajasema neno lolote juu ya haki yake ya kuichukua mpaka kwenye mlango wa mtu mwingine.

Mwaka huo huo Rais Kenyatta alisimulia hadharani jinsi mmoja wa wanawe alivyotoka usiku kwenda kujifurahisha wakati wa amri ya kutotoka nje. Alisema alimwuliza mwanawe kama angeweza kuishi na nafsi yake iwapo nyanya yake, aliyekuwa amepita umri wa miaka 80, angefariki kwa sababu ya matembezi yale. Swali hilo liliulizwa katika nyumba ya mkubwa wa nchi, lakini linaingia sawasawa katika chumba cha Pipeline. Halimwulizi kijana kama ni mwoga au ni shujaa. Linamwuliza nani atalipa deni la starehe yake.

Hapa msomaji kijana ataweza kunipinga, na pingamizi zake ni za haki kusikilizwa. Atasema kwanza, "Lakini mimi sikuingia kwa nguvu. Mwenyeji mwenyewe aliniita." Basi tumfikirie kijana mmoja, ambaye si fulani wala fulani bali ni mfano wa wengi, akimpigia simu nyanya yake aliyeko Kitui.

"Shikamoo, nyanya. Kazi imekwisha huku. Nataka kuja nyumbani."

"Marahaba. Njoo, mjukuu wangu. Kunde zipo na mihogo ipo. Mbona waomba ruhusa ya kuingia kwenu?"

Maneno ya nyanya ni ridhaa ya mapenzi, na kijana huiweka mfukoni kama cheti. Lakini tuitazame ridhaa hiyo. Nyanya aliambiwa kwamba kazi imekwisha. Hakuambiwa kwamba jirani wa chumba cha pili amekuwa akikohoa tangu Jumapili, na kwamba jana walichota maji pamoja. Alikubali kupokea njaa ya mjukuu wake. Hakukubali jingine, kwa kuwa hakujulishwa jingine. Ridhaa ya mtu aliyefichwa habari haina nguvu, kama ununuzi wa ng'ombe ambaye muuzaji ameuficha ugonjwa wake. Tena, hata kama nyanya angejua yote akasema, "Njoo hivyo hivyo, mimi nimekwisha kula chumvi nyingi," yeye anasema kwa ajili yake tu. Hawezi kumkubalia jirani wanayekutana kisimani, wala wazee wenzake wanaoketi pamoja kanisani au msikitini. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa msafiri ni kusema kweli kabla ya kuondoka, na kumwachia mwenyeji nafasi ya kusema, "Ngoja kwanza."

Pingamizi la pili ni la kudura. Wengi walisema mwaka ule, na wengine husema hata leo, kwamba siku ya mtu ikifika imefika, na kwamba kujihadhari kupita kiasi ni upungufu wa imani. Neno hili ni la zamani, na jibu lake ni la zamani. Katika karne ya 7 Khalifa Omar bin Khattab alikuwa akisafiri kwenda Sham, na njiani akapata habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Alishauriana na watu wake, kisha akaamua kurudi Madina pamoja na wenziwe. Abu Ubaida, amiri wake mkubwa, alimwuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Omar alijibu kwamba anaikimbia kudura ya Mungu kwenda kwenye kudura ya Mungu. Akampa mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, moja la majani mabichi na moja kame: akichunga upande huu au ule, vyote ni kwa kudura, lakini mchunga mwenye akili anajulikana kwa upande anaochagua. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf akawakumbusha mafundisho ya Mtume, kwamba mtu asiingie katika nchi yenye tauni, wala asitoke humo kwa kuikimbia. Imani, basi, haikumwondolea Omar kazi ya kufikiri. Wala hakuwa akijifikiria peke yake, maana alikuwa na watu nyuma yake.

Pingamizi la tatu ni la sheria. Kijana atasema, "Njia zilipofunguliwa nilikwenda. Kosa langu liko wapi?" Ni kweli kwamba tarehe 7 Julai 2020 njia za Nairobi zilikuwa wazi. Lakini maradhi hayakuwa yamekwisha. Katika majuma yaliyofuata hesabu ya wagonjwa iliendelea kupanda. Serikali hufungua njia kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba watu hawawezi kuishi milele bila kazi na biashara. Ruhusa ya serikali yasema kwamba hutakamatwa. Haisemi kwamba nyanya yako hataugua. Raia mwema huitii sheria inapokataza, na inaporuhusu hubaki na kazi ya kuamua mwenyewe, ambayo ni ngumu zaidi.

Labda mtu atauliza: kama ni hivyo, je, wote waliowahi kuchukua maradhi kwenda makwao wana hatia? La. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiisha, mafua makali yaliizunguka dunia yakaingia Afrika Mashariki pia, yakipita bandarini na katika reli. Miongoni mwa waliokuwa wakirudi makwao wakati ule ni wapagazi wa vita, ambao jina la jeshi lao lingali linasikika katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikuwa wamedhoofika kwa njaa na kazi za sulubu. Walirudi vijijini wakiwa na shauku ya kuwaona wake na watoto, na maradhi yakasafiri katika njia zile zile walizopita. Hapana awezaye kuwalaumu. Virusi vya mafua ya binadamu havikutambuliwa mpaka mwaka 1933, na mpagazi yule hakuwa na redio wala simu ya kumwonya. Hatia huzaliwa na ujuzi. Kijana wa Pipeline mwaka 2020 alikuwa na simu mkononi, na kila siku aliambiwa maradhi yanavyoenea. Ujuzi ulimpa uwezo ambao mpagazi hakuwa nao, na pamoja na uwezo huo ulimpa wajibu.

Lakini wajibu huo hauwezi kuwa wa kijana peke yake. Katika Uingereza kuna kijiji kiitwacho Eyam, ambacho tauni ilikiingia mwaka 1665. Mwaka uliofuata wanakijiji, wakiongozwa na kasisi wao William Mompesson, waliamua kutotoka nje ya mpaka wao ili wasivipelekee vijiji jirani maradhi. Inasimuliwa kwamba kiasi cha watu 260 walikufa pale, na mke wa kasisi alikuwa mmoja wao. Watu husimulia habari hiyo kwa kusifu waliobaki, na sifa hiyo ni haki yao. Mimi napenda msomaji aangalie jambo jingine ndani yake. Watu wa nje walileta chakula wakakiweka penye mawe ya mpakani, na wanakijiji waliacha fedha zilizotiwa katika siki. Waliobaki waliweza kubaki kwa sababu kuna waliowalisha. Kumwambia mtu asitoke, kisha kumwacha afe njaa, si kumfundisha wajibu. Ni kumtwisha mzigo wa jamii nzima. Serikali ya Kenya ilionyesha kulijua jambo hili ilipoanzisha mpango wa Kazi Mtaani mwishoni mwa Aprili 2020, ili vijana wa mitaa ya watu maskini wapate ujira kwa kusafisha mazingira. Mpango huo haukuweza kumfikia kila mwenye shida. Lakini ulikubali kwamba anayemwomba kijana akae hana budi kumwuliza atakula nini.

Kwa hiyo sitamwambia msomaji kwamba wakati wa maradhi ni dhambi kusafiri, wala kwamba ni haki siku zote. Kanuni ya namna hiyo ingekuwa rahisi kuandika ubaoni, na isingemsaidia mtu yeyote aliye kati ya njaa na nauli. Ninachoweza kumpa ni maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kufunga mzigo.

La kwanza: je, nahitaji kwenda, au natamani kwenda? Haja na tamaa huvaa nguo moja, na mtu hana budi kuzitofautisha. Anayekwenda kwa sababu amefukuzwa chumbani ana haja. Anayekwenda kwa sababu mjini kumechosha ana tamaa, na tamaa yaweza kungoja. Pengine kitu kinachohitajiwa kule si mwili wake bali ni msaada wake, na nauli aliyoiweka kando ingewafikia wazee kwa simu bila kuchukua virusi njiani.

La pili: je, wale ninaowaendea wanajua yote ninayoyajua? Kama jirani ameugua, na waambiwe. Kama kuna homa, na isemwe. Mtu asiyeweza kuisema kweli hiyo kwa simu amekwisha kujipa jibu la kama safari yake ni njema.

La tatu: nikifika, nitafanya nini ili mwenyeji apone? Hapa ndipo mila zetu zinapotusaidia. Katika miji mingi ya mashambani vijana wa kiume huwa na nyumba yao mbali kidogo na ya wazazi. Kijana aliyelala katika nyumba hiyo siku 14, akala chakula chake nje, akazungumza na nyanya yake kutoka upande wa pili wa uwanja, hakuwa amemdharau. Wengi waliona aibu kufanya hivyo, wakidhani ni kuwatenga wazee. Kwa kweli ilikuwa heshima kubwa kuliko kumbatio, ingawa mikono ilitamani.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena, na watu wengi wakafurahi kuyasahau yaliyopita. Lakini tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini, na mgonjwa huyo alikuwa msafiri, aliyegunduliwa mpakani katika Taita Taveta. Maradhi yatakuja tena kwa majina mengine, na yatapita katika njia zile zile tunazopita kwenda kuwaona tunaowapenda. Ninyi mnaosoma kurasa hizi leo shuleni ndio mtakaokuwa vijana wa Pipeline wakati huo, wenye kibarua kilichokatika na nauli mkononi, na pengine hapatakuwa na mzazi wala mwalimu karibu wa kuwashauri. Hakuna atakayewaona mkifanya hesabu zenu. Basi katika hesabu hizo mwekeni na yule ambaye hayupo kituoni, aliyewasha moto jikoni na kuanza kuwangojea. Kijana amkumbukaye huyo kabla ya kukata tikiti, awe ameamua kwenda au kubaki, amesafiri kwa heshima.